Sauti Imehama, Wajibu Haujahama

Mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara wa Marekani aliyetaka kupatikana na kila mteja alilazimika kuwa na simu mbili ofisini. Hataza za Bell, yaani haki zake za pekee za kutengeneza simu, zilikuwa zimeisha muda wake mwaka 1893 na 1894, kampuni huru zikachipuka kwa maelfu, na kila moja ikatandaza nyaya zake. Nyaya hizo hazikukutana. Mwenye simu ya Bell hakuweza kuzungumza na mwenye simu ya mshindani hata kama milango yao inatazamana. Mwaka 1913, kampuni mama ya Bell iitwayo AT&T ikiwa imebanwa na serikali kwa tuhuma za uhodhi, makamu wa rais wake Nathan Kingsbury alimwandikia Mwanasheria Mkuu barua akiahidi, pamoja na mambo mengine, kwamba kampuni huru zitaruhusiwa kuunganishwa na laini za AT&T za masafa marefu.

Sasa itazame simu iliyo mkononi mwako. Kuna programu ya ndugu, ya kazini, na nyingine uliyoipakua kwa ajili ya mtu mmoja tu asiyekubali kutumia ile ya kwanza. Zote zinapita kwenye intaneti ileile, zote zinabeba maneno, picha na sauti, na karibu zote zimefungiana milango. Zile simu mbili za ofisini zimerudi, zikaongezeka, zikajificha nyuma ya kioo kimoja.

Mijadala mingi kuhusu mustakabali wa mawasiliano ya intaneti inahusu nani amlipe nani. Kampuni za simu zinadai zimenyonywa, kampuni za programu zinajibu kwamba ndizo zinazowafanya watu wanunue data, na serikali katikati zinatafuta mahali pa kutoza kodi. Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza linahusu wajibu: wa kumuunganisha mteja wako na mteja wa mwenzako, wa kumfikisha mwenye dharura kwa waokoaji, wa kuhakikisha namba inayoonekana kwenye kioo ni ya mtu anayepiga kweli. Kampuni ya simu ya zamani iliubeba mzigo huo kwa sheria na kwa leseni. Sauti ilipohama kutoka kwenye waya kwenda kwenye programu, mzigo ulibaki njiani, na mpaka leo hakuna aliyerudi kuubeba wote.

Kwanza tuone sauti yenyewe inavyosafiri, maana humo ndimo chanzo cha yote. Unapoongea, programu huikata sauti yako vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde. Kila kipande hubanwa, mara nyingi kwa kodeki ya Opus iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, kikapewa namba ya mfululizo na kuachiwa kwenye intaneti kama pakiti. Nyingine huchelewa, nyingine hupotea kabisa. Upande wa pili programu huzipokea, huzipanga kwa namba zake, husubiri kidogo zile zilizochelewa, na penye pengo hubuni sauti ya kuliziba ili sikio lisishtuke. Haya yote inafaa yaishe ndani ya takriban milisekunde 150 kwa kila upande. Zikizidi sana, watu huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Katika safari yote hiyo kampuni ya simu haikutajwa. Zamani akili ilikuwa kwenye mitambo ya kampuni, na kifaa cha mteja kilikuwa kipaza sauti na kengele tu. Kwenye intaneti akili imehamia miisho yote miwili, na mtandao wa katikati unabeba pakiti bila haja ya kujua kama ni salamu za mama kwa mwanawe au ni hesabu za benki. Ndiyo maana programu ya simu za intaneti ya VocalTec iliweza kutokea mwaka 1995 bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote ya simu. Ndiyo maana Skype ya mwaka 2003 iliweza kuuzwa kwa eBay miaka miwili baadaye kwa dola bilioni 2.6, kisha kwa Microsoft mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, hadi ilipofungwa Mei 2025. Na ndiyo maana WhatsApp ilipotangazwa kununuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 na wafanyakazi 55. Wafanyakazi 55! Hakuna kampuni ya simu iliyowahi kuhudumia watu wengi kiasi hicho kwa timu inayoenea ndani ya basi moja.

Wenye mitandao hawakulipokea hili kimya. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Madison River ilikubali kulipa dola 15,000 baada ya kubainika kwamba iliwafungia wateja wake njia ya kupiga simu za intaneti. Mwaka 2016 kampuni za simu za Morocco zilizima simu za intaneti kwa miezi kadhaa. Uganda ilianza kutoza kodi ya kila siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii Julai 2018, ikaiondoa mwaka 2021 na kuhamishia kodi kwenye data yenyewe. Lebanon ilipotangaza Oktoba 2019 kwamba itatoza simu za WhatsApp, watu waliingia barabarani siku hiyohiyo. Kodi ilifutwa ndani ya saa chache, lakini maandamano yaliendelea, na kabla ya mwezi kuisha waziri mkuu alitangaza kujiuzulu.

Hoja inayotolewa kila mara ni uzito: kwamba programu hizi zinaujaza mtandao. Kwa upande wa sauti, hesabu inakataa. Simu ya Opus kwa kasi ya kilobiti 24 kwa sekunde, ukijumlisha na vichwa vya pakiti (anwani na namba zake), hufika kilobiti 40 hivi. Kwa saa nzima ya mazungumzo hizo ni takriban megabaiti 18 kila upande. Filamu moja ya ubora wa juu hula gigabaiti nzima au zaidi kwa saa hiyohiyo. Simu za intaneti hazikuzimwa kwa sababu zilikuwa nzito. Zilizimwa kwa sababu ziliua chanzo cha mapato kilichozoeleka, hasa cha simu za kimataifa, na ni heri jambo hilo lisemwe waziwazi.

Hoja ya uzito ina mashiko kidogo zaidi kwenye video, na hapo Korea Kusini ndiyo imekwenda mbali kuliko wengine. Tangu mwaka 2016 kanuni zake za kuunganisha mitandao zinamfanya anayetuma data nyingi amlipe anayepokea. Kampuni ya intaneti ya SK Broadband na Netflix walishtakiana kwa miaka kabla ya kupatana Septemba 2023. Februari 2024 Twitch, huduma ya video za moja kwa moja, ilifunga biashara yake nchini humo, ikieleza kwamba ada za mtandao zilikuwa juu mno. Ulaya nayo ilitamani kuifuata njia hiyo, lakini chombo cha pamoja cha wadhibiti wake, BEREC, hakikuona ushahidi wa kutosha. Nadhani BEREC waliona sawa. Data haijitumi yenyewe. Huitwa na mteja ambaye tayari ameilipia, na kumtoza aliyeitwa ni kuuza bidhaa moja mara mbili.

Ila kuna ukweli mmoja ambao kampuni za simu zinaujua kuliko mtu yeyote, nao umefunikwa na kelele za ada. Kila mtandao wa simu ni mhodhi wa mlango wa mteja wake. Ukitaka kunipigia, lazima upite kwa kampuni yangu, huna njia nyingine, na kwa hiyo kampuni yangu inaweza kukutoza ipendavyo kwa kunifikishia simu. Wadhibiti walilielewa hili zamani, wakaziwekea ada hizo kikomo. Umoja wa Ulaya umezishusha hadi senti 0.2 ya yuro kwa dakika kwa simu za mkononi kuanzia mwaka 2024.

Uhodhi wa mlango ndio uliohamia kwenye programu. Mtu aliyeko WhatsApp anafikiwa na WhatsApp peke yake. Kati ya watu na watu hatuoni madhara yake kwa sababu hakuna anayelipa. Waulize wafanyabiashara. Tangu mwaka 2018 kampuni inayotaka kuwatumia wateja wake taarifa kupitia WhatsApp kwa wingi hupitia mfumo rasmi wa kulipia, na tangu Julai 2025 malipo hayo huhesabiwa kwa kila ujumbe wa kiolezo, yaani ulioandaliwa mapema, unaofika. Mtumaji anamlipa mwenye mlango ili ujumbe umfikie mpokeaji. Hii ni ada ya kufikisha simu iliyorudi kwa jina jingine, na safari hii haina kikomo cha mdhibiti. Meta, yaani Facebook ya zamani inayomiliki WhatsApp, haiiti hivyo, na katika nchi nyingi haina leseni ya kampuni ya simu, lakini kazi inayofanyika ni ileile.

Oktoba 2025 tuliona mlango huo unaweza kufanyiwa nini. Meta ilibadilisha masharti ya mfumo wake wa biashara ili wasaidizi wa akili mnemba wa kampuni nyingine, wale wa kujibu kila aina ya swali, wasiruhusiwe kutumia WhatsApp kuanzia Januari 2026, huku wa kwake akibaki ndani. Mamlaka ya ushindani ya Italia iliingilia kati, na Tume ya Ulaya ikafungua uchunguzi Desemba 2025. Naichukulia kesi hii kuwa nzito kuliko mabishano yote ya ada za mtandao. Miaka michache ijayo sehemu kubwa ya mazungumzo yetu na benki, hospitali na ofisi za serikali itapitia wasaidizi wa namna hii. Mwenye mlango akiachiwa achague msaidizi gani aingie, atakuwa amechagua pia nani afanye biashara.

Dawa ninayoiona ni ile ya mwaka 1913: unganisheni. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2022, ndiyo ya kwanza kubwa kuisema kwa programu za ujumbe. Kifungu chake cha 7 kinaitaka kampuni iliyotajwa kuwa mlinda lango, yaani kubwa kiasi cha kushika mlango wa soko, ikubali kuunganishwa na programu nyingine zikiomba: kwanza ujumbe kati ya watu wawili, baada ya miaka miwili makundi, baada ya miaka minne simu za sauti na video. WhatsApp na Messenger ziliorodheshwa Septemba 2023. iMessage ya Apple ilichunguzwa ikaachwa nje Februari 2024. Mwishoni mwa mwaka 2025 Meta ilitangaza programu mbili za kwanza kuunganishwa na WhatsApp barani Ulaya, BirdyChat na Haiket. Ni ndogo, wengi hawajawahi kuzisikia, na hapo ndipo ugumu unapojitokeza.

Signal, programu ya ujumbe inayosifika kwa faragha na ambayo wengi wangependa kuifikia kutoka WhatsApp, imesema wazi kwamba haitaki. Sababu zake si za kupuuzwa. Ujumbe uliosimbwa, yaani uliofichwa kwa msimbo, unasomeka kwenye miisho miwili tu, lakini taarifa za nani kamwandikia nani, saa ngapi, kutoka wapi, hazifichwi kwa kiwango kimoja na kila kampuni. Ukiunganisha nyumba inayofunga madirisha yote na inayofunga mlango tu, usalama wa zote mbili unakuwa wa ile dhaifu. Kuna pia suala la utambulisho: programu ya nje ikidai kwamba huyu ndiye mwenye namba hii, nani amethibitisha? Na matapeli, ambao leo wanazuiwa na kila kampuni ndani ya uzio wake, wataingilia kwenye uzio mfupi kuliko yote.

Bado nasema ugumu huu unatatulika. Kiwango cha MLS, kilichochapishwa Julai 2023, kinawezesha makundi makubwa kusimba mazungumzo kwa itifaki moja ya wazi, na GSMA, umoja wa kampuni za simu za mkononi, imekiingiza kwenye RCS, mrithi wa ujumbe mfupi, ili simu za Android na za Apple ziandikiane kwa siri. Barua pepe ina taka na matapeli tele, lakini hatukuwahi kuamua kwamba kila kampuni iandikiane na wateja wake tu. Tuliacha milango wazi, tukajenga vichujio. Ninachowaomba wadhibiti ni wasikubali usalama utumike kama kufuli la biashara, na wakati huohuo wasilazimishe muungano unaoshusha usimbaji hata kwa hatua moja. Sheria ya Ulaya imeandika masharti yote mawili. Kazi sasa ni kuyasimamia, na hilo linahitaji wahandisi ndani ya ofisi za wadhibiti kuliko wanasheria peke yao.

Kuhusu usimbaji kuna somo moja ambalo lingetosha kufunga mjadala. Mwaka 1994 Marekani ilizitaka kampuni za simu kisheria ziwe na njia maalumu ya polisi kusikiliza kwa kibali cha mahakama, na mwaka 2005 ikapanua sharti hilo hadi simu za intaneti zilizounganishwa na mtandao wa kawaida. Mwaka 2024 ilibainika kwamba kundi la wadukuzi linalohusishwa na China, lililopewa jina la Salt Typhoon, liliingia ndani ya kampuni kubwa za simu za nchi hiyo, hadi kwenye mifumo hiyohiyo ya kusikiliza. Desemba mwaka huo maofisa wa usalama wa serikali hiyohiyo waliwashauri wananchi watumie programu zenye usimbaji. Mlango wa polisi haujui kumtofautisha polisi na mwizi. Serikali zinazoendelea kuudai kwenye programu za ujumbe zinapaswa kwanza kueleza zitafanya nini tofauti.

Nirudi kwenye dharura, maana humo kuna roho za watu. Wadhibiti wa miaka ya mwanzo waliziacha simu za intaneti zikue bila masharti, na kwa huduma za majaribio nadhani walifanya vyema. Lakini Marekani ilijifunza mapema kwamba huduma inayojiita simu hupigwa kama simu na mtu aliyepatwa na hatari, na Mei 2005 Tume yake ya Mawasiliano, FCC, ikaamuru simu za intaneti zinazopiga namba za kawaida zimfikishe mpigaji kwa waokoaji pamoja na mahali alipo. Programu zisizogusa namba za kawaida hazikuguswa. Leo kwa mamilioni ya watu programu hizo ndizo simu. Kijana anayejua kumpata kila mtu duniani kwa kugusa picha yake huenda hajui kwamba ndani ya programu hiyo hakuna picha ya zimamoto.

Kuna kitu kingine ambacho waya wa shaba ulifanya bila kusifiwa. Ulibeba umeme wake kutoka kituo cha simu. Umeme wa nyumba ukikatika, simu ililia. Faiba ni kioo, haibebi umeme; ruta ikizimika na simu imezimika. Uingereza ililigundua hili kwa uchungu. Ipo desturi ya wazee wanaoishi peke yao kuvaa kitufe shingoni, wakianguka wanakibonyeza na simu ya nyumbani inapiga yenyewe kituo cha msaada. Vifaa vingi vya namna hiyo vilitengenezwa kwa ajili ya laini ya shaba. Laini zilipohamishiwa kwenye intaneti, kukatokea matukio mazito ya vitufe vilivyobonyezwa bila msaada kuitwa. Desemba 2023 kampuni za simu za nchi hiyo zilikubaliana na serikali kusitisha kuwahamisha watu bila ridhaa yao, na baadaye kampuni kubwa ya huko, BT, ikasogeza tarehe ya kuzima mtandao wa zamani kutoka mwisho wa 2025 hadi Januari 2027. Huyo mzee aliyelala sakafuni, kidole kikiwa kwenye kitufe, hakuulizwa na mtu yeyote kama yuko tayari kwa mustakabali.

Na mpigaji mwenyewe ni nani? Mtandao wa zamani ulikuwa wa wachache wanaojuana, kwa hiyo namba iliaminika. Simu za intaneti ziliufungua kwa kila mwenye kompyuta, na kubandika namba ya mwingine kukawa kazi ya dakika. Marekani imezitaka kampuni kubwa zitie saini ya kidijitali kwenye simu za mitandao yao ya teknolojia ya intaneti tangu Juni 2021, lakini saini hiyo hupotea simu inapopita kwenye mtambo wa kizamani usioielewa. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire walipigiwa na sauti ya Rais Biden iliyotengenezwa na akili mnemba, ikiwaambia wasipige kura kwenye uchaguzi wa awali. Wiki chache baadaye FCC ilitamka kwamba sauti za namna hiyo kwenye simu za roboti bila ridhaa ni haramu. Tamko ni jema, ila sauti ikiigwa vizuri kiasi hicho, kinachobaki cha kumtambua mtu ni saini iliyoambatana na simu yake. Hilo ni jukumu la anayebeba simu, awe na mnara au awe na programu.

Ndiyo maana siungi mkono kuzipa programu leseni za kampuni za simu kama zilivyo, na masharti yake yaliyoandikwa kwa ajili ya nguzo na nyaya. Leseni hizo zingeua VocalTec ya kesho kabla haijazaliwa. Wajibu ufuate kazi na ukubwa: programu inayotegemewa na sehemu kubwa ya watu wa nchi ifikishe dharura, itambulishe mpigaji, iunganishwe na wengine, na ieleze hadharani ilipozimika. Oktoba 4, 2021, amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida iliukata mtandao wa ndani wa Facebook, na kwa saa zipatazo sita Facebook, WhatsApp na Instagram zikatoweka duniani kote. Kampuni ilitoa maelezo kwa hiari yake. Kampuni ya simu ikizimika hivyo, nchi nyingi hazingoji hiari.

Mwaka 2027 una tarehe mbili za kuangalia. Januari, Uingereza inatarajia kuzima mtandao wake wa zamani wa simu, na kila kitufe cha shingoni kitakuwa kimehamia kwenye intaneti au kimesahaulika droo fulani. Septemba, miaka minne ya Kifungu cha 7 inatimia, na kwa mara ya kwanza programu nyingine barani Ulaya itakuwa na haki ya kisheria ya kuipigia WhatsApp simu ya sauti. Haki ipo tayari kwenye karatasi. Sijaona bado sheria inayosema simu hiyo, ikipigwa na mtu aliyeanguka, ipelekwe wapi.